Kitazamio kilichonipeleka mtoni

Aprili ya mwaka jana nilitoka zamu ya usiku, nikapitiliza moja kwa moja hadi Theresienwiese hapa München, Ujerumani, uwanja uleule wa tamasha la bia la Oktoberfest, ambako majira hayo huwekwa soko kubwa la vikorokoro. Kwenye shuka la mzee mmoja, kati ya saa za ukutani na vijiko, niliona mrija mweusi wa chuma: lenzi mbele, tundu la jicho nyuma, na pete yenye namba. Euro 40. Nikaupiga picha, nikamtumia mdogo wangu Tanga. Akajibu: “Dada, umenunua darubini ya kuchungulia majirani?”

Si darubini. Ni kitazamio cha kamera kubwa, kifaa cha kuchungulia lenzi itaona nini kabla hujaifungua kamera, na nilikuwa nakisaka kwa muda mrefu. Kamera yangu ni ya mbao, inakula filamu ya inchi 4 kwa 5. Ukitaka kujua itaona nini, sharti usimamishe stendi, uifungue, ujifunike kitambaa cheusi, ndipo kwenye kile kioo cha ukungu cha nyuma uone dunia imesimama kichwa chini. Halafu unagundua ulipaswa kusimama hatua nne kushoto. Mwenye kitazamio huzunguka kwanza na kitu kidogo mkononi, begi bado limefungwa mgongoni.

Jumapili iliyofuata nikaenda Flaucher, pale Mto Isar unapojitawanya kwenye kokoto. Nikaweka pete kwenye 150, yaani milimita za urefu wa fokasi wa lenzi yangu (namba ikiwa kubwa, lenzi huona eneo dogo zaidi), nikatafuta hadi nikapata: gogo lililokwama, maji yakipita pande zote mbili. Safi kabisa. Nikafunga stendi, nikaingia chini ya kitambaa, na nilichokiona ni gogo dogo katikati, na pembeni baiskeli mbili na pipa la taka. Ili kuipata ile picha yangu ilibidi nisogee mbele karibu theluthi ya njia, na huko mbele hakukuwa na kokoto tena. Nilivua viatu. Maji ya Isar mwezi wa Aprili, sitaki kuyazungumzia.

Kosa lilikuwa langu. Nilisoma namba, sikutazama umbo. Siku hizi kitu cha kwanza ninachotoa mfukoni sokoni ni rula. Napima uwazi wa mbele, au fremu inayoonekana ndani, nagawa urefu kwa upana. Ikija 1.25 hivi, hicho ni cha inchi 4 kwa 5. Ikija 1.33, ni cha sahani za kioo za kupigia picha za zamani, za sentimita 9 kwa 12, zilizoenea sana Ujerumani. Ikija 1.5, ni cha filamu ya sentimita 6 kwa 9, au cha kamera ndogo za milimita 35. Changu kilikuwa 1.5. Kilikuwa kinasema kweli kabisa, ila kwa kamera nyingine: 150 kwenye filamu ya 6 kwa 9 ni lenzi ya kuvuta karibu, kwangu ni lenzi ya kawaida.

Namba nazo zina lugha yake. Vya Kijerumani vya zamani vimeandikwa kwa sentimita, kwa hiyo 13.5 ni milimita 135. Vya Kimarekani mara nyingi ni inchi. Ule mrija wa Graphic, uliokaa juu ya kamera za waandishi wa habari zilizotengenezwa na Graflex kule Rochester, hauna pete: una vibati vya fremu vinavyochomekwa mbele, kila lenzi na chake. Ukiukuta hauna vibati usiukimbie. Kata kadi nyeusi, utapata chako.

Vingine nitavitaja kwa haraka. Kile cha lenzi bapa ya mstatili iliyochorwa msalaba, na kijiti nyuma cha kulengea, huitwa cha Newton. Kidogo cha kutazama kutoka juu, chenye kioo cha kuakisi, hugeuza kushoto kuwa kulia. Mimi sina subira nacho. Cha Albada kinaonyesha mistari myeupe ikielea hewani, kwa sababu lenzi ya mbele imepakwa utando mwembamba unaoakisi fremu iliyochorwa upande wa jicho. Mistari ikiwa hafifu, utando umechoka. Tafadhali usiingize kitambaa ndani kusafisha, utaumalizia.

Lakini rula haitoshi, jaribio lenyewe ni ukuta. Filamu yangu hupokea picha yenye upana wa milimita 120 hivi. Gawa 120 kwa 150, unapata 0.8: yaani nikisimama mita 5 kutoka ukutani, lenzi itaona mita 4 za ukuta. Nilipiga alama mbili za chaki, zimeachana mita 4, nyuma ya jengo letu, pale tunapoanika nguo, nikahesabu mita 5 kwa futi kamba, nikatazama. Alama zikigusa kingo za fremu, kitazamio ni cha kwako. Kwa lenzi ya 90, simama mita 3, alama zilezile. Jirani wa ghorofa ya pili aliniuliza kama nabomoa ukuta.

Kitazamio changu cha pili ni cha Linhof, kampuni ya hapahapa iliyoanza mwaka 1887, na hicho kilifaulu mtihani wa chaki. Mguuni kina kipimo cha umbali kinachokiinamisha kidogo, maana kikikaa juu ya kamera kinaona kutoka juu ya lenzi, na mtu aliye karibu anaweza kukatwa utosi. Mimi nakishika mkononi, kwa hiyo tatizo linageuka: jicho langu liko juu kuliko lenzi itakakokuwa. Nainama, hata napiga goti, mpaka jicho lifike penye lenzi. Wavaaji wa miwani, lisogezeni jicho kabisa, la sivyo pembe zinapotea.

Na kuna yale ambayo kitazamio hakiyajui. Ukipandisha lenzi ili kunasa kilele cha mnara, kitazamio hakina habari. Ukipiga kitu cha karibu sana, mivukuto (yale makunjo kati ya lenzi na filamu) ikarefuka, picha halisi inakuwa nyembamba kuliko ulivyoahidiwa.

Oktoba nilirudi Flaucher. Gogo lilikuwa bado lipo. Nikazunguka na kile cha Linhof karibu saa nzima, kokoto hadi kokoto, kisha juu ya daraja la mbao, 150 halafu 90. Hakukuwa na picha. Stendi haikutoka begini siku hiyo, na miguu ilirudi mikavu.