Nilivyozunguka na mifumo ya bure ya sava ya nyumbani mpaka nikaangukia OpenMediaVault

Mi nashuti harusi, send-off na kipaimara hapa Dar, na kwenye kazi yetu kinachotesa sio kamera, ni mafaili. Harusi moja ikiisha una giga 60 mpaka 80, alafu bibi harusi anakupigia baada ya mwaka mzima, "kaka samahani, ile flash imepotea, naomba tena ile ya ukumbini", sasa uanze kufukua madiski kwenye droo, hii imeandikwa Kigamboni, hii imeandikwa "mchanganyiko", hii ukiichomeka inatoa tik tik tik na haifunguki. Ile ya tik tik ndo iliyonifanya niseme basi, kila kitu kikae sehemu moja, mashine iwashwe masaa yote na laptop zote za nyumbani zivute humo.

Mashine nilikuwa nayo tayari, desktop ya mtumba ya Kariakoo, i3 ya zamani, RAM giga 4. Na diski tatu, ya tera 4, ya tera 2 na ya tera 1. Zishike hizo namba kichwani manake ndo zilizokuja kuamua.

Kilichobaki ni mfumo endeshi. Windows sikuitaka, apdeti zake zinairistati mashine usiku wakati naihamishia mafaili. Unraid watu wanaisifia sana lakini ni ya kulipia, nikaipita. XigmaNAS nikaiangalia dakika kumi hivi, ni ukoo wa ile FreeNAS ya zamani, nikaiacha. Mezani zikabaki mbili, TrueNAS na OpenMediaVault, ambazo kumbe ni kama watoto wa nyumba moja waliogombana kidogo. FreeNAS ilianza 2005 juu ya FreeBSD, mfumo endeshi mwingine wa bure, na mmoja wa waliokuwa wakiiandika, Mjerumani Volker Theile, alitaka ihamie kwenye Debian, ambayo ni aina ya Linux, ikaishia yeye kuanzisha ya kwake, ndo hiyo OpenMediaVault iliyotoka 2011. FreeNAS nayo ikabadilishwa jina ikawa TrueNAS mwaka 2020, na cha kuchekesha 2022 ikatoka TrueNAS SCALE ambayo iko juu ya Debian hiyo hiyo iliyokataliwa mwanzo.

Nikaanza na TrueNAS kwa sababu moja tu, ndo inayosifiwa kuliko zote. Maelekezo yao wenyewe yanataka RAM giga 8 kwenda juu, nikarudi Kariakoo kutafuta nyingine, jamaa wa dukani ananiambia "boss wangu hii mashine hata ukiweka giga 8 inapaa", nikachukua kipande kingine cha giga 4 nikachomeka, ikaitika. Nikainstoo. Kwa macho tu ni nzuri aisee, ina magrafu kila kona, unajiona kama unaendesha benki.

Shida ikaja kwenye diski. TrueNAS inatumia ZFS, namna yake ya kupanga mafaili kwenye diski, na ZFS inapenda diski zinazolingana. Ukiziunganisha tatu kwa RAIDZ1, ule mpango ambao diski moja ikifa data haipotei, kila diski inahesabiwa kama ile ndogo kuliko zote, kwahiyo tera 4 yangu inageuka tera 1, tera 2 inageuka tera 1, alafu moja inaenda kwenye ulinzi, mkononi nabaki na tera 2. Nina tera 7 za chuma mezani afu natumia 2! Nikajaribu kuzipanga pacha, moja iwe nakala ya nyingine, ile ya 4 na ile ya 2, napata 2 vilevile na ile ya tera 1 inabaki mkiwa. Kununua diski tatu za saizi moja ilikuwa hela ya lenzi, na lenzi ndo inayoniletea ugali.

Niwe mkweli hapa, maana wengi wanasema usiweke ZFS sehemu ambayo umeme unakatika ovyo. Ni kinyume chake. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, inaandika pembeni kwanza ndo inahamisha alama, kwahiyo umeme ukikata katikati unakuta ya zamani bado ipo. Mi niliiacha kwa sababu ya diski zangu, sio kwa sababu ya umeme.

Basi nikahamia OpenMediaVault 7, ile iliyojengwa juu ya Debian 12. Kabla ya kuinstoo nikachomoa nyaya za diski zote zenye kazi za watu, nikaacha SSD ya giga 120 peke yake, na nawashauri mfanye hivo hivo manake inakula diski nzima unayoichagua na saa sita usiku sda na sdb, majina ambayo Linux inazipa diski, yanafanana sana. Ile SSD haikuwa na pa kukaa kwenye kasha, nimeibandika pembeni na gundi ya pande mbili, na ile ya tera 1 imekaa palipokuwa na DVD. Mpaka leo hazijadondoka.

Unaingia kwa brauza, unaandika IP yake (namba yake kwenye mtandao wa nyumbani), jina admin, paswedi openmediavault, unaibadilisha hapo hapo. Jioni ya kwanza yote niliipoteza kwa ujinga, natengeneza foda ya kushea, naisevu, naenda kwenye laptop haionekani, narudi nafuta natengeneza tena, mara nne. Kumbe juu kabisa kuna kimstari cha njano kinakwambia kuna mabadiliko hayajathibitishwa, mpaka ubonyeze tiki ndo yanafanya kazi. Mi nilidhani ni tangazo.

Sasa kilichonibakisha huku ni vitu viwili, mergerfs na SnapRAID, vyote ni plagini, vipande vya kuongezea, zinazokuja ukishaweka nyongeza inayoitwa omv-extras. Mergerfs inazichukua diski zisizolingana inazionyesha kama foda moja kubwa. SnapRAID unaipa diski moja iwe ya ulinzi, sharti lake isiwe ndogo kuliko ile kubwa ya data, kwahiyo ya tera 4 ikawa mlinzi, zile za 2 na 1 zikawa data, nikapata tera 3 badala ya 2. Na siku nikipata tera 4 nyingine naichomeka tu, jumla inakuwa 7, hamna kubomoa kitu. Alafu kila diski imepangwa kwa ext4, mpangilio wa kawaida wa Linux, hata mashine ikifa nachomoa diski moja naifungulia kwenye kompyuta yoyote yenye Linux ya kwenye flash.

Ubaya wake ni kwamba hailindi muda huo huo, unaipangia saa ya kupiga sync, yaani kusasisha ulinzi, yangu ni saa tisa usiku, kwahiyo ulichoingiza mchana hakina ulinzi mpaka usiku. Kwa anayebadilisha mafaili kila dakika haifai. Ila picha za harusi ukishaziweka zimelala, na kadi za kamera sizifuti mpaka kesho yake.

Ikanilipa mwezi wa pili tu. Dogo anayenisaidia ku-edit alikuwa anasafisha, saa kumi jioni ananipigia sauti iko chini, "kaka, kuna kitu nimefanya." Kafuta foda nzima ya harusi, na kwa kuwa kafuta kwa mtandao haikwenda kwenye kapu la taka, imeondoka moja kwa moja. Nikamwambia usiguse chochote. Cha kwanza nilichofanya ni kuzima ile ratiba ya sync, manake ikipiga saa tisa inaona foda haipo, inajipanga upya, ndo kwaheri. Nikaingia kwa SSH, njia ya kuiandikia sava amri ukiwa kwenye laptop, nikapiga snapraid fix na ile -m ya kurudisha vilivyokosekana tu, nikaielekeza kwenye foda hiyo. Namba zinapanda taratibu, asilimia 3, asilimia 7, dogo kasimama nyuma yangu hakai. Ilipofika 100 tukafungua video ya maharusi wanaingia ukumbini, inacheza. Dogo akaenda kununua soda bila kutumwa. Usiku huo nikawasha kapu la taka la Samba, ile programu inayoshea mafoda kwenye mtandao, kumbe lilikuwepo siku zote kwenye mipangilio ya ile foda, ni kulitiki tu.

Mengine kwa ufupi. Spidi mwanzoni ilikuwa MB 11 kwa sekunde, giga 60 saa moja na nusu, nikadhani ni diski kumbe matundu ya ruta ni ya megabiti 100, nikaweka swichi ya gigabiti sa hivi ni dakika kumi. UPS ndogo, ile betri inayoshika umeme ukikatika, nimeiunganisha kwa waya wa USB na plagini ya NUT inayoongea nayo, ilikataa mpaka nilipobadili draiva kutoka usbhid-ups kwenda nutdrv_qx, sasa betri ikishuka sava inajizima yenyewe. Na kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, nimeweka umeme ukirudi iwake. Luku niliipima, inakula kama wati 40, ni uniti 29 kwa mwezi.

Bakapu ya nje ni kitu kingine, SnapRAID haiokoi nyumba ikiungua au mwizi akiingia, kwahiyo kuna diski moja ya pembeni inaenda kwa bimkubwa Mbagala kila mwisho wa mwezi, kaifungia kabatini na vitenge vyake.

Sava yenyewe iko chini ya meza ya TV. Mke wangu kaifunika kitambaa cha kufuma, eti Baba Aisha hili dubwasha lako linatia aibu wageni wakija. Tumekubaliana kitambaa kikae juu tu, kisishuke mbele, manake ndo panapoingia hewa.