Picha za uvimbe wa mapafu ya panya zilisafika bila kuongeza mionzi

Nilitaka picha safi za uvimbe wa mapafu ya panya kwa skani ya CT, yaani eksirei zinazopigwa mashine ikiuzunguka mwili. Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu moja: ongeza mionzi. Picha ina ukungu? Ongeza. Uvimbe wa milimita moja hauonekani? Ongeza. Hawa ni watu ambao hawajawahi kumfuatilia panya yuleyule wiki baada ya wiki. Mrundikie miligrei (kipimo cha mionzi) mamia kwa mamia, halafu uvimbe ukisinyaa utajuaje ni dawa unayoijaribu au ni eksirei zako?

Basi nikaongeza, maana wakubwa wamesema. Chembechembe za picha zikapungua, ukungu ukabaki palepale. Uvimbe uliokuwa karibu na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo ulionekana una kingo mbilimbili. Shida ilikuwa pumzi! Panya aliyelazwa kwa isofluraini, dawa ya usingizi ya kuvuta, hupumua kama mara 40 hadi 80 kwa dakika, na skani inachukua dakika kadhaa. Ni kumpiga picha mruka kamba halafu ukalaumu kamera.

Kuna kihisi cha pumzi kinachowekwa chini ya kifua. Nilipoiona bei nikakisahau. Kwani pumzi si imo tayari ndani ya picha ghafi, zile za kila pembe kabla kompyuta haijaziunganisha? Kiwambo kinapanda na kushuka humo waziwazi. Nikachora kijisanduku pale kinapopita, nikajumlisha mwangaza wa pikseli zake, picha moja baada ya nyingine. Mwanzoni nilipata mlima mmoja mrefu, kwa sababu mashine ikizunguka mwili nao unabadilika unene. Nikaondoa wastani unaosogea (wastani wa picha za jirani), na hapo, jamani, zikatokea pumzi zimejipanga safi kabisa! Picha za wakati wa kuvuta hewa nikazitupa. Panya hutulia zaidi akishatoa pumzi, kwa hiyo zilizobaki zilitosha. Ila piga picha kadhaa kwa kila pembe, la sivyo mapengo yatakuchorea michirizi.

Usimwache apoe, pumzi huvurugika. Usingizi ukizidi ataanza kutweta, na hapo hakuna programu ya kukuokoa.

Ini ni habari nyingine, halina hewa ya kutofautisha. Ayodini ya kawaida, dawa inayodungwa ili viungo ving'ae kwenye picha, hukimbilia figo upesi. Tafuta ile ya matone ya mafuta inayokaa mwilini. Ini zima hung'aa, uvimbe hubaki mweusi.

Na picha ghafi usizifute hata diski ikijaa. Nimerudia skani za zamani zilizoandikwa "mbovu", na kadhaa zimefufuka.