Siku Baba Alipotembezwa Chumbani

Mwezi wa Machi 2021, zabibu zikiwa zimeiva shambani kwetu Hombolo, nilimpeleka baba kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mgongo jijini Dodoma. Alikuwa ameugua mgongo kwa miezi saba, na zahanati tuliyoitegemea ilikuwa imempa vidonge vya maumivu mara nne bila mtu yeyote kumvua shati. Mkononi nilishika bahasha yenye picha ya MRI, na moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba baba apasuliwe. Ng'ombe wawili walikuwa wameuzwa kwa ajili hiyo.

Daktari aliipokea bahasha, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Shikamoo mzee. Naomba utembee kutoka mlangoni hadi dirishani, taratibu, nikutazame."

Baba alitembea kwa miguu iliyokakamaa, akashika ukuta mara moja. Kisha daktari alimvua shati, akapitisha kidole gumba juu ya pingili moja baada ya nyingine, mpaka katikati ya mgongo, ambapo baba alishtuka. Pale mfupa ulikuwa umejitokeza kidogo, kama kokwa chini ya ngozi, na mimi niliyeishi naye nyumba moja sikuwa nimeuona. Alipokwaruza wayo kwa ncha ya ufunguo, kidole kikubwa cha mguu kiliinuka badala ya kujikunja, ishara kwamba uti wa fahamu, yaani ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo, ulikuwa umebanwa.

Maswali yalifuata: homa za jioni, jasho la usiku, uzito, maziwa tunayokunywa, kwa kuwa vijidudu vya brusela vinavyotoka kwa mifugo navyo hushambulia pingili. Alipouliza ni nani nyumbani aliyewahi kutumia dawa za kifua kikuu, baba alimtaja mdogo wake, ambaye walilala chumba kimoja mwaka uliotangulia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

Ndipo picha ilipofunguliwa. Pingili mbili za usawa wa kifua zilikuwa zimeliwa, diski iliyokuwa kati yake imeporomoka, na usaha umeusukuma uti wa fahamu. Alinieleza kwamba saratani kwa kawaida huiacha diski ikiwa nzima, hivyo picha ilielekea kwenye maambukizi, lakini hakuwa tayari kutibu kwa kuelekea tu. Baba alichomwa sindano ya kuchukua sampuli, na kipimo cha GeneXpert, kinachotambua vijidudu vya kifua kikuu, kikathibitisha kifua kikuu cha mgongo kisicho sugu kwa dawa ya rifampisini.

Niliuliza tarehe ya upasuaji, nami nakiri kwamba niliuliza kwa hasira.

"Mwanangu, baba yako amevuka chumba hiki kwa miguu yake," alisema. Akanisimulia majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoanza miaka ya 1960 huko Korea, Hong Kong na Bulawayo katika Zimbabwe ya leo, yakiwahusisha wagonjwa ambao bado waliweza kuvuka chumba. Wengi wa waliopewa dawa pekee walipona, bila kupasuliwa na hata bila kulazwa kitandani kwa miezi. Baba angetumia dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 10, na nguvu za miguu yake zingepimwa kila wiki mwanzoni. Zikishuka, angempasua siku hiyohiyo. Naamini kwamba kungoja kwa namna ile, huku jicho likiwa wazi, ni kazi ngumu kuliko kushika kisu.

Kabla hatujaondoka, alimwomba baba ridhaa ya kumwingiza katika utafiti wake. Alimsomea fomu nzima kwa sauti, akasisitiza kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Baba aliuliza kama jina lake litaandikwa, akaambiwa ni namba tu, akatia dole gumba.

Mwezi wa Machi 2022 tulirudi. Eksirei ilionyesha pingili zimeungana, na kibyongo kimebaki palepale. Daktari alipima pembe yake kwa rula, akaiandika, kisha akasoma swali lililofuata kwenye fomu: je, mgonjwa anaweza kuchuchumaa na kuinuka bila msaada? Baba hakujibu. Alichuchumaa katikati ya chumba, akanyoosha mikono kama anayekata matawi ya mzabibu yaliyo chini, akainuka bila kugusa ukuta.

"Rudia, mzee," daktari alisema, kalamu ikiwa mkononi, "nihesabu."