Bibi, hebu nionyeshe unavyovuta

Bibi huyu alipika shule ya msingi kwa miaka 26. Uji asubuhi, makande mchana, sufuria kubwa juu ya mafiga, ndani ya jiko lisilo na bomba la kutolea moshi. Sigara hajawahi kugusa. Alipofika kituo chetu cha afya, huku milimani Lushoto, alikuwa ameshapimwa makohozi mara tatu akishukiwa kifua kikuu, na mara zote hakukutwa nacho. Kipimo cha kupuliza alichofanyiwa hospitalini ndicho kilichotoa jibu: njia za hewa zimebana, na hata baada ya dawa hazifunguki sawasawa. Ugonjwa huu, unaoitwa COPD, wa njia za hewa kubana moja kwa moja, hauponi. Unatunzwa kama presha, kwa dawa za siku zote.

Mwaka mzima nikamwandikia inhela ya salbutamol, kikopo cha dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa. Kila akija analalamika pumzi, nami naongeza: vidonge vya aminofilini, navyo vya kufungua njia za hewa, halafu predinisoloni ya kutuliza uvimbe ndani ya mapafu. Predinisoloni inamsaidia mgonjwa aliyezidiwa, na siku 5 kwa kawaida zinatosha. Bibi alishazoea kuinunua mwenyewe duka la dawa. Kwa kuimeza mfululizo, uso ukaanza kuvimba, sukari ikapanda. Nilimgombeza, nikaona ni ukaidi. Kosa lilikuwa langu.

Julai, baridi imeshika, nikamwambia, "Bibi, hebu nionyeshe unavyovuta."

Akafungua fundo la kanga, akatoa inhela. Hakuitikisa. Akaachama, akabonyeza, na papo hapo nikaona ukungu mweupe unamtoka pembeni mwa mdomo. Dawa yote ilikuwa inaishia ulimini na hewani. Mwaka mzima! Hakuna aliyewahi kumwonyesha, na wa kwanza kupaswa kufanya hivyo nilikuwa mimi.

Nikatafuta chupa tupu ya maji ya nusu lita. Nikapasha waya moto, nikatoboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, nikaichomeka na kuzungushia plasta pasivuje. Anatikisa, anabana midomo kwenye shingo ya chupa, anabonyeza mara moja tu, anavuta na kutoa pumzi taratibu mara tano. Anapumzika kidogo, anarudia. Chupa inaoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe, bila kufutwa kwa kitambaa.

Ningeweza, ningempa tiotropiamu, ya kuvuta mara moja kwa siku, maana kwa ugonjwa huu inafaa kuliko kuhangaika na salbutamol kutwa. Kwenye rafu yetu haipo, na inauma kumwandikia mtu dawa ambayo ataisoma tu kwenye karatasi. Mkwewe amehamishia mafiga nje, chini ya kibanda cha bati. Hilo peke yake limepunguza kikohozi cha usiku.

Inhela moja ina mibonyezo 200. Yeye anatumia miwili, mara nne kwa siku, kwa hiyo inamfikisha siku 25. Mjukuu wake wa darasa la nne ndiye anayepiga vistari kwenye daftari.

Wiki iliyopita wamekuja na daftari, ukurasa umejaa.

"Mwanangu, hii mpya nianze leo? Ile bado inatoa moshi."

Nikamweleza kwamba baada ya 200 kinachotoka huenda ni upepo tu, bila dawa ya kutosha. Akaitazama ile ya zamani kiganjani, kisha akamkabidhi mjukuu aitupe.