Siku Moja na Mawaridi ya Milimani

Saa kumi na mbili asubuhi. Nashuka matatu mjini Nakuru na kupanda kwa miguu hadi mtaa wa Milimani, mkasi wa kupogoa mkobani.

Saa moja. Naanza na mawaridi kabla jua halijakolea. Namwagilia shinani, kamwe si juu ya majani, maana majani yakishinda na maji, ugonjwa wa madoa meusi hupata nafasi. Naokota kila jani lenye madoa lililoanguka, na silitupi kwenye mboji. Kisha nakata maua yaliyonyauka na vijiti vilivyokufa. Nakata mshazari, juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje, ili katikati ya kichaka pawe wazi na upepo upite. Vichaka ni vichache, lakini asubuhi huishia hapo.

Saa nne, chai. Mwenye nyumba ananiuliza, "Kijana wangu, tuongeze mawaridi mpaka kule kwenye fensi?"

"Mama, mimi huja mara moja kwa wiki. Haya ya karibu na mfereji yanatosha. Kule tuweke maua yasiyodai mengi."

Saa tano. Nagawa agapanthasi, ua la kudumu, yaani linaloishi miaka mingi. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na mizizi yake minene huweka maji akiba. Udongo wetu una majivu ya volkeno, maji hupenya upesi; waridi huteseka, agapanthasi hustahimili. Ikisongamana baada ya miaka 4 au 5, maua hupungua. Basi naing'oa yote na kuikata vipande, kila kipande na mizizi yake. Shina moja kuukuu linatosha kupamba upande mzima wa fensi bila kununua mche hata mmoja!

Saa saba, chapati na maharagwe.

Saa tisa, bogenvilia. Napunguza matawi tu. Maji siipi mengi, isije ikajaa majani matupu.

Saa kumi na moja jioni. Vidukari wamevamia machipukizi ya waridi. Wakiwa wachache nawafuta kwa vidole. Leo wamezidi, nanyunyizia dawa ya pareto. Pareto nayo ni ua la kudumu, lililimwa sana huko Molo, na ningependa kuliona katika bustani nyingi zaidi. Dawa yake huharibiwa na jua, tena huua nyuki, kwa hiyo nangoja nyuki waondoke kwanza.

Kesho ni bustani nyingine, mtaa wa Kiamunyi. Mwenye bustani ile anafanya kazi ya zamu, hana muda. Nambebea vipande vya agapanthasi vilivyobaki, na waridi moja tu, la kupanda karibu na mlango.