Mwandishi mzee hafukuzwi, anachokeshwa

Katika magazeti ya Lubumbashi, kwetu Kongo (RDC), mwandishi wa miaka hamsini na kitu haambiwi usoni kwamba amezeeka. Anawekwa gereji. Jina lake linatoweka kwenye mpango wa ripotaji, kikundi kipya cha WhatsApp kinafunguliwa bila yeye, kisha mshahara wa mwezi unageuka kuwa malipo ya makala moja moja. Akishachoka ndipo mkurugenzi anamwita: "Papa, andika tu barua ya kuacha kazi, tutakupa kitu kidogo."

Usiiandike hiyo barua. Mji huu ulishaona wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, wakitoka mwaka 2003 kwa jina la "kuondoka kwa hiari", na kila familia inajua hiyo hiari ilikuwa ya namna gani.

Hesabu yenyewe ni hii. Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamdai mwajiri anayevunja mkataba usio na kikomo atoe preavi (notisi) ya siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mwenye miaka 20 ya kazi ana 14 + 140, yaani siku 154 za kazi. Ukihesabu siku 26 kwa mwezi, ni karibu miezi sita ya mshahara. Kijana mwenye mwaka mmoja wa kazi ana siku 21 tu. Hapo unaelewa kwa nini mzee anasukumwa aondoke mwenyewe: anayejiuzulu hadai preavi, tena yeye ndiye anayedaiwa notisi na mwajiri, nusu ya ile.

Wengi wanakosea wanapokwenda kwa Inspekteri wa Kazi, afisa wa serikali anayesuluhisha migogoro ya kazi, na kusema "wananibagua kwa umri". Sheria ya Marekani ya 1967 inawalinda kwa jina wafanyakazi kuanzia miaka 40. Ya kwetu inataja rangi, jinsia, mimba, dini, maoni ya siasa na kabila kama sababu zisizokubalika za kufukuza mtu. Umri haumo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo tegemea miaka ya kazi, siyo miaka ya kuzaliwa. Kampuni ikipunguza watu, sheria inataka waanze kutoka wenye uwezo mdogo kwa kazi zinazobaki. Uwezo ukilingana, watoke waliofika mwisho. Kwa maandishi, ukongwe ni ngao.

Lakini soma tena neno "uwezo", maana umri unajificha humo. "Hajui kompyuta", "hapigi video", ndivyo utakavyoandikiwa. Jibu lake ni karatasi: matoleo yenye jina lako na tarehe, makala ulizotuma kwa imeili, picha ulizopiga kwa simu na zikachapwa. Yatunze nyumbani, siyo kwenye kabati la redaksioni (ofisi ya waandishi), ambalo siku moja utakuta limebadilishwa kufuli. Na ukweli usemwe: asiyetaka kabisa kujifunza kutuma makala kwa simu anampa mkurugenzi silaha mkononi.

Kama huna mkataba wa kuandikwa, usikate tamaa. Mkataba usioandikwa unadhaniwa kuwa wa muda usio na kikomo mpaka mwajiri athibitishe vingine. Bado utahitaji kuonyesha kwamba ulifanya kazi pale, kwa hiyo beji, karatasi za malipo na maagizo ya kwenda ripotaji vina thamani.

Mambo ya CNSS, mfuko wa taifa wa pensheni, yasingoje siku ya kustaafu. Pensheni inaanza kwenye miaka 60, kwa mwenye miezi 180 ya bima, chini ya sheria ya 2016. Kukatwa 5% kwenye mshahara hakumaanishi pesa ilifika CNSS. Nenda na namba yako ofisini, uliza miezi iliyotangazwa kwa jina lako, ulinganishe na karatasi za malipo. Ukiwa na miaka 50 pengo bado linaweza kufuatiliwa. Ukiwa na 59, kampuni imeshabadilisha jina mara mbili.

Gazeti nalo linapoteza, na siyo kwa maneno ya heshima tu. Mpe kijana faili ya mgogoro wa kiwanja ya mwaka 1985: itaandikwa Shaba, jina la Katanga la wakati ule, na bei kwa zaire, pesa ya wakati ule. Asiyekuwepo hajui kwamba mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilikuwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1 ya Kongo. Ataandika "mamilioni" palipokuwa na pesa ya kawaida, na wakili wa upande wa pili atamcheka. Hata "Katanga" inataka uangalifu: tangu 2015 imegawanyika kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na hati ya Kolwezi, ambayo sasa iko Lualaba, haitafutwi tena Lubumbashi bila kuuliza kwanza. Mzee mmoja wa kusahihisha kurasa ni nafuu kuliko kesi moja.

Mwisho, tarehe. Dai la mshahara usiolipwa linakufa baada ya mwaka 1. Madai mengine mengi ya mkataba baada ya miaka 3. Kesi haiendi mahakamani kabla ya kupita kwa Inspekteri wa Kazi, naye atataka barua ya mwajiri au, kama hakuna, maelezo yako ya kuandikwa: siku gani mshahara ulikatwa, nani alisema, nani alikuwepo.