Mkanda wa jeshi mgongoni, na mtaa mzima uliogeuka madaktari

Naandika hii nikiwa bado na hasira kidogo. Mtu akikuonyesha vipele vya mgongoni na wewe sio mtu wa afya, mwambie aende hospitali halafu nyamaza. Mimi hapa Tanga nilishatibiwa na mtaa mzima kabla sijamuona daktari hata mmoja.

Ilianza maumivu matupu, kipele hakuna. Upande wa kushoto chini ya bega, panachoma kama mtu ananigusisha pasi ya moto halafu anaitoa. Mimi naendesha bajaji, kwetu mgongo kuuma ni sehemu ya kazi, kijiweni wote wakasema siti hiyo, jamaa mmoja akanisugua na dawa ya misuli, yani shati likigusa tu naruka. Baadaye ndo yakatoka malengelenge, madogomadogo, yamekaa mafungumafungu na ngozi chini yake imeiva.

Hapo sasa wataalamu wakaamka. Wa kwanza akasema Nairobi fly. Huyo simlaumu sana, ilikuwa mvua na wale wadudu walikuwepo, ukimponda kwenye ngozi anakuachia malengelenge kweli. Lakini mdudu gani anauma siku kadhaa kabla hajafika? Mama mdogo yeye hakuuliza hata, nimelala kifudifudi nashtukia ubaridi, kumbe nishapakwa dawa ya meno mgongo mzima. Dakika za kwanza raha, nisiseme uongo. Ikakauka, ikashikana na fulana, usiku tunaibandua kwa maji ya uvuguvugu huku nimeng'ata mto na yeye ananiambia "vumilia mwanangu, inavuta sumu". Ilivuta ngozi.

Halafu kuna jirani yetu fundi cherehani, mzee wa heshima zake, yeye ndo alijua jina: mkanda wa jeshi. Sawa. Ila akaongeza kwamba ukizunguka ukakutana mbele na nyuma mtu anakufa, basi kila jioni anakuja na futi yake ya shingoni, "geuka baba", ananipima umebaki inchi ngapi. Nikawa sili.

Kilichonisaidia ni simu. Mgongo wako huwezi kuuona, kwa hiyo nikaiegemeza juu ya ndoo dirishani kwenye mwanga, nikarekodi video najizungusha taratibu mikono juu, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Kusimamisha picha naona mstari umeanzia kwenye uti wa mgongo ukapita chini ya kwapa kuja kifuani, na pale katikati ya mgongo umekatika, upande wa kulia hakuna hata kipele kimoja. Daktari aliangalia video sijavua hata shati, akasema huyu ndo mwenyewe.

Akanieleza kwamba ni virusi vilevile vya tetekuwanga, ukiugua utotoni vinabaki vimelala kwenye mishipa ya fahamu, kinga ikishuka au umri ukienda vinaamka na kufuata mshipa mmoja wa upande mmoja. Kwa hiyo hadithi ya kukutana futa, ila ukiona vimetapakaa mwili mzima au una homa kali hiyo ni haraka. Dawa ni asaiklovia, na inafanya kazi vizuri ukianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, na ndo maana hasira zangu haziishi, saa zangu nyingi zilienda kwenye dawa ya meno na futi. Nilipewa miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7, nikatega alamu, abiria wakidhani napigiwa na mchepuko. Usinunue tu kwa kunakili hapa, wenye matatizo ya figo wanapunguziwa. Zote na kumuona daktari kama elfu thelathini na kitu, kwingine itakuwa tofauti.

Watauliza kuhusu kupima VVU. Ndio, wanapima, nilipima, majibu ni yangu, lakini hata wazee wasio na VVU wanapata sana huu ugonjwa, kwa hiyo acheni kunong'ona. Shemeji yangu mjamzito nilimkwepa mpaka malengelenge yakakauka, maana maji yake yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Na ukitokea usoni karibu na jicho au kwenye pua, usipite hata duka la dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo, jicho linaweza kupotea.

Vipele vilikauka, maumivu yakabaki. Nikarudi, nikaandikiwa amitriptilini kidogo usiku. Yule dada wa famasi akasoma cheti, akaniangalia, akasoma tena, akaniuliza kwa sauti ya upole kama nyumbani kuna amani, kumbe hiyo dawa wanapewa pia watu wenye sonona. Nikapandisha shati nikamwonyesha kovu, foleni nzima ikaona.